Karibu Isiyo Yake

Aibu haijui kubisha. Huingia tu, ikakukuta umesimama mbele za watu na kipaza sauti mkononi, na papo hapo masikio yakashika moto kama vikaango.

Ndivyo ilivyomkuta Clayton, dereva wa foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, katika kantini ya kiwanda cha kuchambua pamba hapa kwetu Yarrawinda. Ilikuwa mwisho wa Machi, msimu wa pamba ndio kwanza unaanza, na joto lilikuwa limekataa kuondoka. Joto la kwetu ni lile lililomkuta mzee Cecil akisubiri basi kando ya barabara. Basi lilipokuja akapanda peku, maana viatu vilikuwa vimeshaamua kuishi na lami. Nzi nao mwaka ule walikuwa wengi mpaka tukaanza kuwapa majina.

Asubuhi hiyo wafanyakazi wote waliitwa kantini kwa mafunzo. Wafundishwe namna ya kufanya kazi na sisi, watu wa asili wa nchi hii, bila kutukanyaga vidole na sisi bila kuwakanyaga wao. Mkufunzi alikuwa Shanelle. Na hapo ndipo utamu na uchungu wa mambo ulipokaa, kwa sababu Shanelle ndiye msichana ambaye Clayton alimwota hata akiwa macho. Siku moja akimfikiria yeye alilipeleka robota zima la pamba mpaka mlango wa choo, akalishusha hapo, akarudi anapiga mluzi. Meneja wa zamu alikuwa ndani. Alitoka mchana.

Walikuwa wamependana tangu majira ya baridi. Walitembea kando ya mto, walikula chipsi garini, na jioni moja walibusiana penye daraja la zamani hadi bata wakaona haya wakahama. Lakini nyumbani kwa kina Shanelle, Clayton alikuwa hajakanyaga. Kila Jumapili alipoalikwa alipata udhuru: mara gari bovu, mara jino, mara tumbo la kuendesha.

"Jumapili hii ndiyo ya mwisho, Clay," Shanelle alikuwa amemwambia. "Bibi anataka kukuona. Anataka kujua wewe wa kwa nani. Usipokuja, nitajua kwamba unanichezea."

"Nitakuja, mpenzi."

"Sema hivyo bila kuangalia viatu."

Bibi huyo ndiye Shangazi Dulcie. Amemzaa mama yake Shanelle, lakini mji mzima humwita Shangazi, hata polisi. Ndiye mkubwa wa ukoo wenye ardhi hii, na siku ile ndiye aliyetakiwa kufungua mafunzo kwa kuwakaribisha watu. Hapo hapana mzaha. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji ndiye husema karibu. Mmoja wetu akitoka nchi, yaani ardhi, ya ukoo mwingine akaja hapa, naye ni mgeni vilevile. Atasimama, atatoa heshima zake kwa wazee wa hapa, atakaa. Kila mtoto wetu anajua hivyo. Clayton naye alijua.

Basi, saa tatu ikafika, Shangazi hayupo. Shanelle, aliyekuwa naye garini, akapiga simu: kangaruu ameruka barabarani, taa ya gari imevunjika, wanakuja polepole. Nyuma yake ilisikika sauti ya Shangazi ikidai kwamba kangaruu huyo alikuwa mkubwa kuliko gari, na kwamba aliondoka akiwatukana.

Meneja Trevor, mtu mwema mwenye jasho jingi, alimsogelea Clayton pembeni ya mashine ya kahawa.

"Clayton, kaka, niokoe."

"Kuna nini, bosi?"

"Yule mama, bosi mkubwa kutoka Sydney, amekaa pale mbele anaangalia saa. Tufungulie wewe."

"Siwezi, bosi. Hiyo kazi ya Shangazi Dulcie."

"Maneno mawili tu! Kwani wewe si mmoja wao?"

"Ni mmoja wao, lakini si wa hapa."

"Sasa nani atajua?" Trevor akamtilia kipaza sauti mkononi kama mtu anayempa mwenzake mtoto anayelia. "Sema tu karibuni, tuanze."

Clayton akajikuta amesimama. Kantini nzima ilimtazama. Watu aliofanya nao kazi misimu minne, ambao hawakuwahi kumuuliza lolote ila kama mpira ameuona, leo wote wamemkodolea macho. Alianza vizuri. Alitoa heshima kwa wazee wa ardhi hii, waliopo na waliotangulia. Alikuwa anataka kuketi. Lakini yule mama wa Sydney alikuwa ameinua simu anarekodi, anatabasamu, na Trevor nyuma yake anatikisa mikono yote miwili: endelea, endelea!

Kinywa chake kikafunguka.

"Na mimi nawakaribisha," akasema. "Karibuni katika nchi yangu. Nchi ya babu zangu na bibi zangu."

Wakapiga makofi. Na nisikufiche, msomaji: kwa muda wa pumzi moja maneno yale yalimkolea Clayton mdomoni kama asali. Alinyoosha mgongo. Alitabasamu.

Ndipo alipoona mlango umefunguliwa.

Shangazi Dulcie alikuwa amesimama pale na mkoba wake mwekundu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shanelle alikuwa amemshika mkono. Hawakuwa wamefika sasa hivi. Walikuwa wamefika kitambo cha kutosha.

Macho ya Clayton yakakutana na ya Shanelle. Macho yale aliyoyazoea, yanayocheka kabla ya mdomo, yalimtazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyevaa koti la marehemu baba yako.

Kama Shangazi angemfokea, ingekuwa nafuu. Hakumfokea. Alitembea taratibu katikati ya meza, nyonga yake mbovu ikimyumbisha, akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

"Ahsante, mwanangu," akasema kwa sauti ya watu wote. "Umenishikia mlango. Mzee nimecheleweshwa na kangaruu."

Kantini ikacheka. Hakuna aliyeng'amua kitu. Shangazi akamfunika kijana mbele ya wageni, kama mtu anavyomfunika mtoto aliyejikojolea. Kisha akawakaribisha watu, kwa lugha ya hapa kwanza, polepole, na kila neno lilitua mahali pake. Clayton alirudi kwenye kiti chake akiwa amefunikwa. Na aibu ya kufunikwa ni nzito kuliko ya kuwa uchi.

* * *

Wakati wa chai alimfuata Shanelle nyuma ya marobota. Alimkuta amesimama mikono kifuani.

"Shanelle."

"Usinisogelee."

"Trevor alinisukuma. Kipaza sauti..."

"Kipaza sauti kina mdomo? Trevor hajui, ndiyo maana ameniita nimfundishe. Wewe unajua!"

"Najua."

"Bibi yangu ameamka alfajiri kupiga pasi gauni lile. Kangaruu kaligonga gari, na bado hakurudi nyumbani. Anafika mlangoni, anakuta mwanamume anaigawa nchi yake kama keki ya harusi." Sauti yake ikakatika. "Unajua kaniuliza nini? Kanishika mkono, akaninong'oneza: 'Huyu ni nani?' Nimeshindwa kujibu, Clay. Nimeona aibu kusema wewe ni wangu."

Clayton aliinamisha kichwa. Angeweza kuyavumilia yote. Hilo la mwisho lilimwingia kama msumari.

"Hajui kwamba ndiye mimi?"

"Amejua. Bibi si mjinga. Amesema tu, 'Alaa. Ndiye huyo wa kuumwa jino.'"

Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka washikane. Hakucheka mtu.

"Niambie kwa nini," Shanelle akasema, sasa polepole. "Uliwahi kuniambia watu wako ni wa Moree. Huko kuna wazee wako. Kama mtu angekwenda kusimama kwao akasema..."

"Nililelewa Moree."

"Mimi nimeuliza watu wako."

"Shanelle, nikwambie kitu..."

"Aha, mpo hapa!" Alikuwa Trevor, na kipande cha keki mkononi, na yule mama wa Sydney nyuma yake. "Clayton, umetuvunja mbavu! Yaani umetugusa. Mama amefurahi sana. Anasema kwa nini tumsumbue bibi mzee na barabara ile, wakati tuna mtu wetu hapahapa ndani? Mwakani utafungua wewe!"

"Na mafunzo yenyewe pia, pengine," mama akaongeza kwa upole. "Una sauti nzuri."

Kimya kilichofuata, ungeweza kukipakia kwenye foklifti.

Shanelle alimtazama Clayton. Alimpa nafasi. Alimngoja aseme neno moja. Clayton akafungua mdomo, akaona uso wenye heri wa mama yule, akaona keki ya Trevor, na ulimi ukamganda.

"Hongera, Clay," Shanelle akasema. "Umepata na kazi yangu." Akaenda zake.

* * *

Mafunzo yaliendelea. Shanelle ni mkufunzi hodari. Hata akiwa na moyo uliopasuka aliwafanya watu wacheke na kunyamaza anapotaka. Aliwaambia kwa nini mtu wetu akifiwa haombi siku moja tu ya ruhusa, na kwa nini ukimwona hakukazii macho usimwite mjeuri. Shangazi Dulcie alikaa pembeni anakula skonzi, anaingiza neno.

"Huwa tunawaheshimu kwa kutowatazama," akasema. "Wengine tunawatazama kidogo tu, maana sura zenyewe, mh!"

Kisha Shanelle akafika kwenye karibu. Clayton alikuwa amekaa safu ya nyuma na alitamani sakafu ya kantini ifunguke immeze, na kiti chake.

"Kuna mambo mawili watu huyachanganya," Shanelle akaanza. "Kupiga hodi kwenye nchi ya watu, na kukaribisha. Hodi anaweza kupiga yeyote kati yetu, hata wewe, Trevor. Kukaribisha ni kwa wenye nchi peke yao."

Fundi mmoja, Lachie, jitu lenye ndevu nyekundu, akanyoosha mkono. "Swali. Kwa hiyo wenye nchi hii ni nyie na Shangazi?"

"Ndiyo."

"Na Clayton pia. Ndugu yenu, siyo? Maana asubuhi kasema nchi ya babu zake."

Shanelle akasita. Sasa, wewe uliyewahi kumpenda mtu aliyekukosea, fikiria. Akisema "ndiyo", amefundisha uongo mbele ya bibi yake. Akisema "hapana", amemvua Clayton nguo mbele ya watu atakaofanya nao kazi kesho. Alimtazama bibi yake. Shangazi alikuwa anatazama skonzi. Midomo ya Shanelle ilitetemeka, na Clayton akaiona kutoka safu ya nyuma; angeiona hata kutoka ng'ambo ya mto.

Akasimama.

"Mimi si wa hapa," akasema.

Vichwa vyote vikageuka.

"Asubuhi nimesema nchi yangu. Si kweli. Nimekaribisha watu katika nyumba ya Shangazi, naye mwenyewe akiwa bado njiani. Amenisitiri mbele yenu, na sistahili." Jasho lilimtiririka hadi kwenye kidevu. "Na bosi, mwakani sifungui mimi. Wala mafunzo si kazi yangu. Mwenye kazi ni yule pale."

"Lakini Clayton," Trevor akasema, amekuwa mwekundu kama nyanya, "mimi ndiye niliye..."

"Ulinipa kipaza sauti, bosi. Maneno ni yangu."

"Basi wewe wa wapi, kaka?" Lachie akauliza. Hakuwa na ubaya; aliuliza tu, kama mtu anavyomuuliza mwenzake basi analosubiri.

Clayton akashika mgongo wa kiti cha mbele yake. Halafu akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu, hata penye daraja la zamani.

"Sijui."

Mtu mmoja akakohoa.

"Bibi yangu alichukuliwa na serikali akiwa mdogo, kama watoto wetu wengi wa enzi ile. Mama alizaliwa mjini, akafa mjini. Mimi nimelelewa na watu baki, Moree. Nikiulizwa wa kwa nani, huwa nasema jina la mji, nabadilisha mazungumzo." Sasa alikuwa anasema na mtu mmoja tu, ingawa watu walikuwa wengi. "Nilijua kwamba nakosea. Maneno yalipotoka nilijua. Lakini sijawahi kusema 'nchi ya babu zangu' maishani mwangu. Nilitaka nione yanavyosikika."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Trevor aliiweka keki yake juu ya meza kama kitu alichoiba. Yule mama wa Sydney akaingiza simu kwenye mkoba. Shanelle aligeuza uso ukutani, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka, na Shangazi Dulcie, kwa mara ya kwanza siku ile, akaacha kutafuna.

* * *

Baada ya mafunzo Shanelle na bibi yake walimkuta Clayton amesimama karibu na gari lao lenye taa moja. Alikuwa amevua kofia. Hakumtazama Shangazi usoni.

"Nimekuja kuomba radhi, Shangazi."

"Umeshaomba. Nimesikia, sijawa kiziwi." Akajiegemeza kwenye mlango wa gari kupumzisha nyonga. "Kwa hiyo hilo ndilo jino lililokuwa linakuuma kila Jumapili."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ungekuja ungesema. Unadhani ni wewe peke yako? Nusu ya watu wetu wanatafuta kwao."

"Niliona aibu."

"Aibu," Shangazi akasema. "Aibu imekula watu wetu kuliko ndui." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya viazi: "Bibi yako aliitwa nani?"

"Ivy. Lakini jina hilo walimpa huko alikopelekwa."

"Na la kwanza, la kwao?"

"Alilisahau. Mama alikuwa akisema bibi alikumbuka kitu kimoja tu. Alikuwa akisema, 'Sisi watu wa mto.'"

Shangazi Dulcie akanyanyuka kutoka kwenye mlango.

"Mto upi?"

"Hakusema mto upi."

Shanelle alikuwa ameshamsogelea Clayton, mkono wake uko karibu na wake, unataka kushikwa. Bibi yake akauona mkono ule.

"Shanelle, rudi huku."

"Bibi, ameshakiri. Ameomba radhi mbele ya watu wote, sasa unataka..."

"Sijakasirika, mwanangu. Rudi huku." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama yangu alikuwa na mdogo wake wa kike. Alichukuliwa hapa hapa mtoni, kabla mimi sijazaliwa, na hakuonekana tena. Mama alikufa anamtaja."

"Watoto waliochukuliwa mtoni walikuwa wengi," Shanelle akasema haraka. "Wewe mwenyewe huwa unasema. Wengi! Na mito ni mingi!"

"Ni wengi, ndiyo. Huenda siye." Shangazi akatoa simu mkobani. "Dada zangu wapo Bourke, wapo Walgett. Bado wanakumbuka. Nikiwauliza, watauliza wengine, na jibu litapatikana."

"Na kama ndiye?" Clayton akauliza.

Shangazi akamtazama, na safari hii alimkazia macho kwelikweli.

"Kama ndiye, bibi yako ni mama yangu mdogo, na mama yako ni dada yangu. Wewe ni mwanangu. Utaniita mama, na nitakupeleka mtoni nikuonyeshe mahali bibi yako alipochezea. Utasema 'nchi yangu' na hakuna atakayekuuliza." Akamwonyesha Shanelle kwa kidevu. "Na huyu atakuita mjomba."

Clayton akakumbuka daraja la zamani. Damu ikampanda usoni mpaka machozi yakamtoka.

"Usiulize, Bibi," Shanelle akasema. Alikuwa analia waziwazi sasa. "Nakuomba. Tumeishi bila kujua, tutaendelea bila kujua. Clay, mwambie! Mwambie asiulize! Unanipenda, au hunipendi?"

"Nakupenda."

"Basi mwambie!"

Shangazi hakuingilia. Alishika simu, akangoja. Jambo lilikuwa la kijana.

Clayton alimtazama Shanelle, macho yake, vumbi lililochorwa mistari na machozi kwenye mashavu yake. Alitaka kumwambia bibi asiulize. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu, kama yale ya asubuhi. Akayameza.

"Uliza, Shangazi," akasema.

Shanelle akaachia pumzi kama mtu aliyepigwa ngumi. Alizunguka gari, akaingia upande wa dereva, akafunga mlango. Shangazi naye akaingia, akahangaika na mkanda, na kabla injini haijawaka alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Halo, dada? Ndiyo, ni mimi. Keti kwanza. Umeketi?"

Kioo cha upande wa Shanelle kikashuka. Akatoa mkono nje, kiganja kimefunguka, bila kumtazama. Clayton akapiga hatua, akaunyanyua mkono wake kuushika. Vidole vilikaribia kugusana.

Huenda aliyekaa pale ni mke wake wa baadaye. Huenda ni mpwa wake.

Akautia mkono mfukoni, na akaurudisha mguu nyuma.